UZI: Waliokwenda Marekani kwa meli. Kilichowatoa kwao, na maswali waliyokutana nayo mlangoni

Mkalimani wa Zamu (#1)

Wakuu, habari za muda huu.

Kazi yangu ni ukalimani wa simu. Navaa hedifoni, simu inaingia, huku kuna daktari au mwalimu au karani wa ofisi fulani hapa Marekani, kule kuna mama anayeongea Kiswahili cha Uvira, katikati nipo mimi. Huu mwaka wa sita. Ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia maswali kwa mpangilio wake bila kukosea: jina kamili, umezaliwa lini, unaishi na nani, umewahi kufungwa, una kazi, nani anakulipia. (Umezaliwa lini, jibu mara nyingi ni tarehe 1 mwezi wa kwanza. Asiyejua tarehe yake huandikiwa hiyo.)

Mwaka jana tulikwenda New York kumtembelea shemeji, tukapata siku moja ya bure, tukapanda feri kwenda Ellis Island, kile kisiwa walikopokelewa wahamiaji kuanzia 1892 hadi 1954. Nilikwenda kama mtalii, kupiga picha na kurudi. Ndani nikakuta maelezo ya maswali waliyokuwa wanaulizwa wale watu. Nikasimama hapo mpaka mke wangu akachoka akaenda kutafuta chakula. Ni maswali yangu jamani. Ukitoa mawili matatu, ni yale yale ninayotafsiri kila siku.

Ndiyo maana naleta uzi. Tumezoea kusema "wazungu walihamia Marekani" kana kwamba walihama kutoka Sinza kwenda Mbezi. Tuangalie waliondokaje, na mlangoni walikuta nini.

Nianze na viazi.

Ireland, miaka ya 1840. Maskini wa kijijini amekodi kishamba cha mwenye ardhi, na kwenye kishamba hicho kinachomtosha kulisha watoto ni kiazi tu. Asubuhi kiazi, mchana kiazi, usiku kiazi, maziwa ukijaliwa. Kama sisi na ugali, ila wao hawakuwa hata na muhogo wa akiba shambani. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa: majani yanageuka meusi ndani ya siku chache, ukichimba unatoa uozo unaonuka. Mwaka uliofuata tena, na baada ya hapo tena. Mpaka 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni 1 wameondoka. Na muda wote huo nafaka na ng'ombe viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyolipa kodi ya ardhi.

Baadhi ya wenye mashamba walipiga hesabu wakaona nauli ya meli ni nafuu kuliko kumchangia mtu huyo chakula kwenye nyumba ya maskini. Wakawalipia waondoke. Meli zenyewe zilikuwa zile zinazoleta mbao kutoka Kanada. Kurudi zilirudi tupu, basi wakajazwa watu chini. Mwaka 1847 kwenye kisiwa cha Grosse Île, karibu na Quebec, walizikwa maelfu waliofika na homa ya chawa. Waliopona, wengi waliteremka kuingia Marekani.

Sasa ruka miaka hamsini mbele, hapo ndipo Ellis Island ilipojaa. Machi 1881 mfalme wa Urusi, Alexander II, aliuawa kwa bomu. Wayahudi wakasingiziwa, nyumba zao zikavamiwa, na mwaka 1882 zikaja sheria za kuwazuia kuhamia vijijini. Mwaka 1903 yakaja mauaji ya Wayahudi katika mji wa Kishinev. Kati ya 1881 na 1924 Wayahudi kama milioni 2 waliingia Marekani, na hao walihama na bibi, mtoto na mito ya kulalia. Hawakuacha nyumba ya kurudia.

Waitaliano wa kusini ni habari nyingine. Wengi walikuwa vijana wa kiume, wanakwenda peke yao, wanachimba mitaro na kujenga reli, wanatuma pesa, na wengi sana walirudi kwao. Ukisikia mtu anasema "naenda miaka mitatu nijenge nyumba ya mama kisha narudi", huyo si Mtanzania wa kwanza kusema hivyo.

Zamu inaanza. Nikirudi nashusha sehemu ya mlangoni.

Kahawa Chungu (#2)

Naweka kambi hapa. Mwenye karanga asogee.

Dogo Kiwembe (#3)

Mkuu umeandika vizuri ila unawapamba. Walifuata hela. Waliambiwa barabara za Marekani zimewekewa dhahabu, wakakimbilia. Mbona wengine wenye njaa hiyo hiyo walibaki?

Mkalimani wa Zamu (#4)

Dogo, sijakataa hela. Ila jiulize ile habari ya dhahabu aliipeleka nani kijijini. Kampuni za meli zilikuwa na mawakala mpaka vijijini huko Ulaya wakiuza tiketi kwa kamisheni. Na kabla ya wakala kulikuwa na barua. Kaka ametangulia, anaandika, ndani ya bahasha kaweka tiketi iliyokwisha kulipiwa. Nauli ya daraja la chini kabisa ilikuwa kama dola 30 hivi mwanzoni mwa karne ya 20, na mtu wa kibarua kule kwao hakuwa nazo.

Kwa nini wengine walibaki? Kwa sababu hawakuwa na kaka. Maskini wa mwisho kabisa hasafiri, Dogo. Wewe mwenyewe unajua waliotoka mtaani kwenu kwenda nje ni watoto wa nyumba zipi.

Msafiri wa Thika (#5)

Umetupea darasa, lakini usitutese. Lete hiyo ya mlango.

Mkalimani wa Zamu (#6)

Haya. Mlangoni.

La kwanza, lisiloandikwa sana: aliyekuwa na tiketi ya daraja la kwanza au la pili hakukanyaga Ellis Island, labda awe mgonjwa. Alikaguliwa mle mle melini, kwa adabu, akashuka bandarini Manhattan akaita gari la farasi. Wanaopelekwa kisiwani kwa mashua ni wa daraja la chini, wale waliosafiri juma moja au mawili tumboni mwa meli na harufu ya matapishi. Kwa hiyo ukaguzi ulianza siku uliponunua tiketi.

Unashuka na mzigo wako. Unaambiwa mizigo iache chini, panda ngazi. Wengi walikataa kuacha, maana ndani ya lile furushi ndiyo maisha yote, wakapanda nalo. Na hapo ndipo mtego. Juu ya ngazi wamesimama madaktari wakiangalia jinsi unavyopanda. Unahema? Moyo. Unavuta mguu? Umesimama katikati ukashika ukuta? Ukifika mbele yake anakutazama sekunde chache tu, na akishuku kitu anakuchora kwa chaki kwenye koti. H ni moyo, L kuchechemea, K ngiri, E macho, X wasiwasi wa akili. Wewe hujui Kiingereza, hujui herufi ile maana yake nini, unaona tu wenzako wanaelekezwa kulia na wewe kushoto.

Jicho ndilo walilolikumbuka mpaka uzeeni. Daktari anageuza kope lako la juu ndani nje, kwa kidole au kwa kile kindoano cha kufungia vifungo vya viatu, kutafuta vikope, yaani ugonjwa wa trakoma. Vikope hivi hivi vya kwetu Dodoma. Ukikutwa navyo, ni kurudishwa.

Mtoto mdogo akikataliwa, mzazi mmoja ilibidi arudi naye. Hebu fikiria hali hiyo. Mmekuja sita, baba amewatangulia miaka minne anawasubiri ng'ambo, mnaiona New York kwa macho, halafu wa mwisho kuzaliwa macho mekundu.

Ukivuka madaktari unaingia ukumbi mkubwa, mabenchi, makelele ya lugha thelathini. Siku iliyojaa kuliko zote ni tarehe 17 Aprili 1907, watu zaidi ya 11,000 kwa siku moja. Mwisho wa ukumbi kuna mkaguzi na daftari la meli, pembeni yake mkalimani. Na hapa ndipo mimi nilipoganda.

Maswali yalifika 29. Jina, umri, umeoa, kazi yako, unajua kusoma, nani kakulipia nauli, unakwenda kwa nani, una pesa ngapi mfukoni, umewahi kufungwa, una wake wengi, wewe ni mpinga serikali. (Hilo la wake wengi nililicheka peke yangu. Wazee wangu wangerudishwa na meli ile ile.)

Sasa sikilizeni hili. Kuna swali: kuna kazi inakusubiri? Mtu wa kawaida, umetoka kijijini, unataka kumridhisha bwana mkubwa mwenye kofia, utajibu nini? Utasema ndiyo, bwana, kazi ninayo, mjomba ameshaongea na bosi. Umekwisha. Sheria ya 1885 ilikataza kuingia na mkataba wa kazi uliofungwa ng'ambo, kwa kuwa vyama vya wafanyakazi vililalamika kwamba matajiri wanaagiza watu wa bei rahisi. Lakini ukijibu hapana, sina kazi wala matumaini, umekwisha vilevile: sheria ya 1882 ilizuia mtu atakayekuwa mzigo kwa serikali. Jibu linalopita ni moja jembamba: sijaahidiwa kazi na mtu, ila nina nguvu na nitaipata.

Nani alikufundisha jibu hilo? Yule aliyekaa na wewe melini. Wale waliokuwa na kaka aliyeandika barua. Ambaye hakufundishwa alisema ukweli wake.

Waliorudishwa moja kwa moja ni kama wawili katika kila mia. Ni wachache kweli. Ila kati ya watu milioni 12 waliopita hapo, wawili katika mia ni mji mzima. Na wapatao 3,500 walifia kisiwani, hospitalini, mji wanaouona dirishani.

Bint Malindi (#7)

Subhanallah, hiyo ya mtoto imenikaa moyoni.

Kaka, mkalimani wa enzi hizo alikuwa na ruhusa ya kumsaidia mtu na jibu? Au ndiyo kama nyie, mdomo tu?

Mkalimani wa Zamu (#8)

Dada, hilo ndilo swali la kazi yangu. Sisi tunafundishwa tusiongeze neno, tusipunguze. Mama anasema kitu kitakachomharibia, unakijua kabisa, unakitafsiri kama kilivyo. Nimewahi kutafsiri huku nimefumba macho.

Wa Ellis Island mmoja alikuja kuwa mtu mkubwa: Fiorello La Guardia, alikuwa mkalimani pale 1907 hadi 1910, mchana kazini, usiku anasomea sheria. Baadaye akawa meya wa New York miaka 12. Mimi bado nasubiri umeya wangu.

Kahawa Chungu (#9)

Umeya utakuja mkuu, tutakuchangia fomu.

Mimi nauliza kuhusu majina. Nimeona kwenye filamu wakaguzi walikuwa wanawabadilishia watu majina kwa uvivu wa kuandika.

Mkalimani wa Zamu (#10)

Hiyo ni hadithi ya mezani. Mkaguzi hakuandika jina jipya, alikuwa anasoma daftari lililoandikwa na makarani wa meli huko huko Ulaya mtu alikopandia. Kama jina lilipinda, lilipindia Hamburg au Naples. Wengi walijibadilisha wenyewe miaka ya baadaye, mtu amechoka mwajiri akiona jina lake anakunja uso. Ila ukiwa mjukuu, kusema "walimbadilisha babu" ni kutamu kuliko kusema "babu alijibadilisha".

Kitu kingine cha kuwachekesha: pale kisiwani waligawiwa ndizi. Wengi hawajawahi kuiona. Kuna waliosimulia uzeeni kwamba waliila na maganda.

Dogo Kiwembe (#11)

Ndizi na maganda 😂😂 hao wangeletwa Bukoba wiki moja tu.

Mzee Ngalawa (#12)

Vijana, nimewasoma kimya tangu asubuhi. Mleta mada, hongera, lakini umepita mbele ya mlango mkubwa bila kubisha hodi. Kabla ya Wairishi wako na viazi vyao, Waafrika walishateremshwa Virginia, Point Comfort, mwaka 1619. Mpaka biashara hiyo ilipopigwa marufuku kisheria mwaka 1808, na hata baada yake kwa magendo, waliofikishwa moja kwa moja Amerika ya Kaskazini ni zaidi ya 380,000. Wengi walipitia Charleston, na mbele ya Charleston kuna kisiwa cha Sullivan walikozuiwa kwanza wapimwe magonjwa. Nao walikuwa na kisiwa chao. Nao walikaguliwa meno na macho. Hawakuulizwa kama wana kazi, kwa sababu kazi walikuwa nayo.

Hao usiwaite wahamiaji. Lakini huwezi kuisimulia bandari ukawaacha.

Mkalimani wa Zamu (#13)

Shikamoo mzee. Nimekosea na nakubali. Niliwaacha kwa makusudi nikiogopa kuwachanganya na waliopanda meli kwa hiari, kumbe nimewafuta. Ubaki hapa hapa uzini.

Bint Malindi (#14)

Marahaba ya mzee ikija na mimi nipate, nina langu dogo.

Bibi yangu Unguja kitambaa cheupe kisichopaushwa alikiita merikani, hata kama kimetoka India au China. Nilipokuwa skuli nikajua kwa nini. Majahazi ya Kimarekani kutoka Salem, Massachusetts, yalikuwa yanakuja Zanzibar kuchukua pembe, karafuu na sandarusi, yanaleta nguo. Seyyid Said alitia saini mkataba nao mwaka 1833. Merikani ikavuka mpaka Tabora na Ujiji, wapagazi wakalipwa kwa hiyo, hongo za njiani zikalipwa kwa hiyo.

Sasa nikiunganisha na mlivyosema. Pamba ile ililimwa kusini mwa Marekani na watumwa, hao wa mzee Ngalawa. Viwanda vilikuwa Massachusetts, na kuanzia miaka ya 1840 wasichana wa Kiirishi waliokimbia njaa waliingia kwa wingi kwenye mashine za huko, hao wa kaka mkalimani. Halafu nguo yenyewe inakuja kuvaliwa kwetu na mtu aliyebebeshwa pembe. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 pamba ikakatika, merikani ikaadimika, soko wakalichukua wa Bombay. Jina likabaki.

Na mwaka 1840 merikebu ya Seyyid Said, Sultana, ilitia nanga New York, na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Wenyeji wakaitengeneza merikebu bure, mjumbe akachorwa picha. Ngazi hakupandishwa. Alikuja na zawadi.

Mzee Ngalawa (#15)

Marahaba mwanangu. Hiyo ya merikani ni darasa. Mimi mama yangu alituzikia babu kwa merikani na sikuwahi kuuliza jina.

Msafiri wa Thika (#16)

Mkalimani, na wale wa upande ule mwingine, California? Nimeskia Wachina walifungiwa.

Mkalimani wa Zamu (#17)

Walifungiwa. Huko ndiko kwenye mtihani mgumu kuliko yote.

Wachina walianza kuja kwa wingi baada ya dhahabu ya California, 1849. Kwao huko kusini, Guangdong, kulikuwa na vita, madeni na mashamba yasiyotosha. California waliiita Mlima wa Dhahabu. Dhahabu haikuwaendea sana, lakini reli ya kuvuka milima ya Sierra Nevada ilijengwa kwa mikono yao, maelfu kwa maelfu, wakilipwa pungufu ya wazungu. Reli ilipokwisha na kazi zikapungua, wakageuzwa wezi wa ajira. Mwaka 1885 kule Rock Springs, Wyoming, wachimba makaa wa Kichina 28 waliuawa na wenzao wa mgodini, nyumba zao zikachomwa. Na tayari mwaka 1882 Marekani ilishapitisha sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina kuingia, wakiwataja kwa taifa lao. Ilidumu mpaka 1943.

Walioruhusiwa ni wafanyabiashara, wanafunzi, na watoto wa raia. Hapo likatokea tetemeko la San Francisco, Aprili 1906, na moto wake ukateketeza kumbukumbu za ofisi. Mchina akisema "mimi nilizaliwa hapa, cheti kimeungua", utambishia na nini? Na raia ana haki ya kuleta wanawe. Basi akienda kwao akirudi anasema nimepata mtoto wa kiume, nafasi inaandikwa, na nafasi hiyo inaweza kuuzwa kwa kijana wa jirani. Waliitwa wana wa karatasi.

Serikali nayo ikajibu kwa maswali. Kituo kilikuwa Angel Island, ghuba ya San Francisco, 1910 hadi 1940. Kijana anaulizwa: nyumba yenu ina ngazi ngapi mlangoni? Pipa la mchele liko upande gani? Jirani wa nyumba ya tatu ana watoto wangapi, wa pili anaitwa nani? Kisima kiko wapi? Kisha "baba" yake anaulizwa yale yale chumba kingine. Vijana walikuwa wanakariri madaftari ya majibu melini na kuyatupa baharini kabla ya kufika.

Na chekesho chungu: mtoto wa kweli naye alifeli. Wewe kwenu mlangoni kuna ngazi ngapi? Mimi nimekulia Kimara na sijui.

Ellis Island wengi walitoka baada ya saa chache. Hapa ni wiki, miezi, wengine zaidi ya mwaka, nyuma ya milango ya kufuli. Walichonga mashairi kwenye kuta za mbao, kwa kisu, na rangi ikapakwa juu mara kwa mara. Mwaka 1970 jengo likiwa linasubiri kubomolewa mlinzi mmoja wa hifadhi akayaona kwa tochi. Yamehesabiwa zaidi ya 200.

Kahawa Chungu (#18)

Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini uliganda mbele ya yale maswali. Mimi nilienda ubalozini kuomba viza ya matembezi, nikaulizwa dada yangu ameolewa na nani na wana watoto wangapi. Nikasahau wa mwisho. Nikarudi nyumbani na pasipoti yangu nyeupe.

Dogo Kiwembe (#19)

Hapo umetupiga chenga mkuu, nilikuja kubisha nimebaki nasoma. Waliopita mlangoni sasa, si ndiyo wakaneemeka?

Mkalimani wa Zamu (#20)

Wajukuu zao, ndiyo, wengi. Wao wenyewe walikwenda kubanana. Manhattan upande wa Lower East Side, familia nzima chumba na nusu, choo uani, mchana chumba hicho hicho ni karakana ya kushona, na usiku kuna mpangaji analala jikoni ili kodi itimie. Wairishi walikuta magazeti yameandika nafasi za kazi, Muirishi asiombe. Philadelphia mwaka 1844 makanisa yao ya Kikatoliki yalichomwa. New Orleans mwaka 1891 Waitaliano 11 waliuawa na kundi la watu lililovunja gereza kuwafuata.

Lakini mimi nikifika New York naenda kwenye jengo moja karibu na Washington Square. Tarehe 25 Machi 1911, Jumamosi jioni, dakika chache kabla ya kutoka kazini, moto uliwaka kwenye kiwanda cha kushona blauzi, ghorofa ya nane, ya tisa na ya kumi. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, wakati wa kutoka wasichana walikuwa wanapekuliwa mikoba. Ngazi ya zimamoto ilifika ghorofa ya sita. Walikufa 146, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano, umri wa miaka 16, 18, 20. Makumi yao waliruka madirishani. Wenye kiwanda walishtakiwa, wakaachiwa huru mwaka ule ule. Jengo bado lipo, sasa ni la chuo kikuu, wanafunzi wanaingia na kahawa mkononi.

Hao ndio waliojibu vizuri, Dogo. Kwamba sina mkataba lakini nina nguvu.

Na mwaka 1924 ile sheria ya viwango ikafunga mlango kwa waliobaki: kila taifa la Ulaya likapewa asilimia 2 ya watu wake waliohesabiwa Marekani mwaka 1890, yaani kabla Waitaliano na Wayahudi hawajawa wengi. Waasia karibu wote nje. Sisi Waafrika tulianza kuonekana kwenye foleni baada ya sheria ya 1965 iliyofuta viwango hivyo.

Mwana Fizi (#21)

Ndugu zangu, mimi si mwandishi, munisamehe. Mimi ni Mbembe wa Kongo, nilikimbia nikiwa mtoto, nikakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, miaka kumi na saba. Niko Kentucky sasa.

Hiyo ya Wachina imenikumbusha sana. Sisi tulihojiwa mara nyingi, nimepoteza hesabu. Baba peke yake, mama peke yake, mimi peke yangu. Mlikimbia mwezi gani? Mlivuka ziwa kwa mtumbwi au kwa boti? Nani alikuwa wa kwanza kupanda? Baba akasema usiku, mama akasema alfajiri. Wote wawili walisema kweli, tulipanda usiku tukafika alfajiri. Faili letu likalala miaka miwili.

Siku ya kuondoka kila familia ilipewa mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi zote, ukaambiwa usiuachie hata chooni. Mama aliuvaa shingoni mpaka Louisville. Uwanjani pale kila mtu alitujua kwa ule mfuko, hakuna aliyeuliza jina. Na nauli ya ndege ilikuwa deni, tulilipa kidogo kidogo kila mwezi. Watu wa Tanzania hawajui hiyo, wanafikiri tulipewa bure.

Kazi nilipata ghala la kupanga mizigo, usiku. Baba aliulizwa: ulikuwa unafanya kazi gani? Akasema mvuvi. Yule dada wa ofisi akaandika "hana ujuzi". Mkalimani alikuwa kwenye simu. Nilisikia amenyamaza kidogo kabla ya kutusomea.

Mkalimani wa Zamu (#22)

Kaka Fizi, natumaini hakuwa mimi. Na kama alikuwa mimi, mpe mzee salamu zangu.

Kwenye ule ukumbi wa Ellis Island kulikuwa na maswali ya kupima akili kwa walioandikwa X. Msichana mmoja kutoka Poland aliulizwa: ukiosha ngazi, unaanzia juu au chini? Akajibu, sikuja Amerika kuosha ngazi. Nikisoma ulichoandika namwona baba yako amekaa mbele ya yule dada.

Mzee anaendeleaje sasa?

Mwana Fizi (#23)

Yupo. Jumapili baada ya kanisa tunampeleka mto Ohio, anakaa na ndoano mpaka jua linazama. Leseni ya kuvua tulimkatia, alishangaa sana kwamba mvuvi anakatiwa karatasi. Kambale wako wengi, wakubwa hivi. Anawavuta, anawatazama, anawapa majirani.

Anasema mto hauna ndagala. Kila mara anarudia hiyo hiyo.

Bint Malindi (#24)

Kaka Fizi, kuna duka la Waafrika hapo Louisville linaloleta dagaa wa Kigoma wakavu, shoga yangu ananunua huko. Nitafute inbox nikuelekeze.